Amplifaya Ikae Wapi? Spika Amilifu na Amplifaya za Kujitegemea Majumbani



Mhadhara huu unahusu mahali pa amplifaya katika mfumo wa muziki wa nyumbani. Lengo lake ni kueleza jinsi spika zenye amplifaya ndani zinavyofanya kazi, jinsi zinavyotofautiana na mfumo wa zamani wa amplifaya kukaa peke yake kwenye kabati, na kipi kinamfaa nani. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba maswali mawili huchanganywa kila siku. La kwanza ni kama amplifaya iko ndani ya kasha la spika au nje yake; hilo linahusu zaidi umri wa chombo na uwezekano wa kukitengeneza. La pili, ambalo wateja hawaliulizi, ni kama sauti inagawanywa kabla ya kukuzwa au baada ya kukuzwa. Hilo ndilo linalohusu ubora wa sauti yenyewe.

1. Aina tatu za spika

Chanzo cha muziki, iwe santuri, simu, redio au televisheni, hutoa mawimbi dhaifu ya umeme, kwa kawaida yasiyozidi volti 1 au 2, yasiyo na nguvu ya kusukuma koni yoyote. Amplifaya huyapa mawimbi hayo nguvu kwa kutumia umeme wa ukutani au wa betri, na spika huyageuza kuwa mtikisiko wa hewa. Kwa kuwa ni vigumu koni moja kutoa vizuri besi nzito na milio myembamba kabisa, spika nyingi za nyumbani huwa na wufa kwa sauti nzito na twita kwa sauti nyembamba. Hapo ndipo inapohitajika krosova, kifaa kinachogawa sauti na kupeleka kila sehemu mahali pake.

Spika tupu haina plagi ya umeme. Ndani yake kuna wufa, twita na krosova. Amplifaya iko nje, na waya zinaunganisha viwili hivyo. Aina ya pili ni spika yenye amplifaya ndani. Mara nyingi katika jozi moja kasha la kulia ndilo lenye plagi, vitufe na amplifaya ya pande zote mbili, na la kushoto hufuata kwa waya. Krosova yake, ikiwapo, imebaki pale pale ilipokuwa, baada ya amplifaya. Kwa upande wa sauti, hiyo ni spika tupu iliyobebeshwa amplifaya mgongoni. Aina ya tatu ni spika amilifu, ambayo krosova yake imehamishiwa mbele ya amplifaya: sauti hugawanywa ingali dhaifu, kisha wufa hupata amplifaya yake na twita yake.

Wanaoandika wanaombwa waishike sana tofauti ya aina ya pili na ya tatu. Maboksi ya madukani huziita kwa jina moja, na sehemu kubwa ya mabishano kati ya wapenzi wa muziki huanzia hapo.

2. Jinsi amplifaya ilivyotoka ndani ya kasha na kurudi

Santuri za Siti binti Saad zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928 zilisikilizwa na wengi kwenye gramafoni za kujazwa kwa mkono: sindano ilitikisa kiwambo, baragumu ikaieneza sauti, na hapakuwa na amplifaya hata kidogo. Lakini wakati huo huo, huko Marekani, chombo kipya kilikuwa kimeshazaliwa. Mwaka 1925 Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric walieleza spika yenye koili nyepesi inayocheza ndani ya sumaku na kusukuma koni. Takriban spika zote za leo, kuanzia ya simu hadi ya uwanja wa mpira, ni wajukuu wa spika hiyo.

Redio za wakati ule zilikuwa na nguvu ndogo mno kuiendesha. Ndiyo maana ilipoingia sokoni mwaka 1926 kwa jina la Radiola 104, ilikuja na amplifaya yake ndani ya kasha, ya wati 1. Kwa hiyo spika yenye amplifaya ndani si uzushi wa vijana wa Bluetooth. Ilikuwapo tangu spika ya koili ilipoingia sokoni.

Kilichotenganisha amplifaya na spika ni joto na uzito. Amplifaya za valvu zilikuwa nzito kwa transfoma na zilitoa joto kali. Kuziweka ndani ya kasha la mbao lililofungwa, kando ya koni inayotikisika, kulikuwa kuziua. Mwaka 1954 Edgar Villchur alitoa spika ya AR-1 huko Massachusetts, kasha dogo lililozibwa kabisa, lenye hewa ya ndani inayoirudisha koni mahali pake. Ilitoa besi ya kina iliyohitaji zamani kasha la ukubwa wa jokofu, lakini ilidai amplifaya yenye nguvu zaidi. Miaka michache baadaye zikaja santuri za stereo, zinazotaka spika mbili. Amplifaya moja kwenye kabati na spika mbili pembeni ukawa ndio mpangilio wa heshima, na amplifaya za transista kutoka Japani za miaka ya 1970 na 1980, kama Pioneer, Sansui na Kenwood, ziliupeleka mpangilio huo hadi Mombasa, Unguja na Maskati. Nyingine bado zinaimba.

Kurudi ndani kulianzia studio. Mwaka 1978 kampuni ya Genelec ilianzishwa Iisalmi, Ufini, baada ya shirika la utangazaji la nchi hiyo kuhitaji spika za kusikilizia kazi zake, na spika yake ya kwanza ilikuwa amilifu. Mhandisi wa redio alitaka jambo moja: anachosikia chumba namba 1 akisikie vile vile chumba namba 5, bila kutegemea nani kaunganisha amplifaya gani. Leo spika amilifu ni kawaida studio, na muziki mwingi unaosikilizwa nyumbani kwa amplifaya ya kabatini ulikamilishwa na mtu aliyekuwa anasikiliza spika amilifu.

3. Kugawa kabla ya kukuza

Hii ndiyo sehemu nzito ya mhadhara, na inastahili kwenda polepole.

Krosova ya spika tupu hupokea umeme wote wa amplifaya, pengine wati 50 au 100, na kuugawa kwa koili za shaba, kapasita na rezista. Koili huzuia milio myembamba isifike kwenye wufa. Kapasita huzuia besi isifike kwenye twita. Vifaa hivi havina akili wala umeme wake. Kazi yake ni kuzuia, na kila kinachozuia hula kitu. Tuchukue twita yenye wepesi, yaani kiasi cha sauti inachotoa kwa wati 1, wa desibeli 90 iliyowekwa pamoja na wufa ya desibeli 86. Ili zilingane, twita lazima ipunguzwe desibeli 4, na rezista za kuipunguza hugeuza takriban asilimia 60 ya nguvu iliyokusudiwa twita kuwa joto tu. Katika spika amilifu kazi hiyo hufanywa na kitufe kidogo kabla ya amplifaya, na hakuna kinachopotea.

Tatizo la pili ni kwamba spika haina ukinzani mmoja. Kasha linaandikwa ohm 8, lakini ukinzani huo hupanda na kushuka kufuata masafa: karibu na mlio wa asili wa wufa unaweza kufika ohm 30, na mahali pengine ukashuka hadi 6 na kitu. Krosova ya kawaida imepigiwa hesabu kwa ukinzani fulani, basi kila unapobadilika, mgawanyo nao husogea. Kisha kuna joto. Ukinzani wa shaba huongezeka takriban asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya joto. Koili ya wufa iliyopanda nyuzi 100 katikati ya sherehe ina ukinzani mkubwa kwa karibu asilimia 39 kuliko ilivyokuwa wimbo wa kwanza. Sauti yake hupungua, jambo ambalo hakuna mpangilio unaoliepuka kabisa. Lakini katika spika tupu mgawanyo wenyewe nao huhama, kwa sababu krosova inaegemea koili hiyo. Katika spika amilifu krosova iko upande wa pili wa amplifaya, haijui kama koili imepata moto, na inabaki pale ilipowekwa.

Mgawanyo huo una uzito kwa sababu ya mahali unapoangukia. Spika nyingi za njia mbili, yaani za wufa na twita, hugawa sauti kati ya Hz 2,000 na 3,000. Humo ndimo zinamopita herufi zinazofanya maneno ya mwimbaji yaeleweke, na humo ndimo unamosikika mdonoo wa nyuzi za qanuni katika taarab. Kwa Hz 2,500 urefu wa wimbi hewani ni takriban sentimita 14, unaokaribia umbali kati ya kitovu cha wufa na cha twita. Kwa hiyo katika eneo hilo wufa na twita hutoa sauti moja kwa pamoja, na zisipokwenda sambamba zinafutana: msikilizaji akisimama anasikia sauti nyingine, akikaa anasikia nyingine. Siegfried Linkwitz, mhandisi wa Hewlett-Packard huko California, akishirikiana na mwenzake Russ Riley, alishughulikia jambo hili, na makala yake ya mwaka 1976 kuhusu krosova amilifu iliwapa wabunifu njia ya kuzifanya wufa na twita zijumlike sawasawa pale zinapokutana. Mgawanyo wa Linkwitz na Riley wa desibeli 24 kwa oktava ndio unaopatikana leo katika vifaa vingi vya kugawa sauti, vya ukumbini na vya nyumbani. Kuupata kwa koili na kapasita kubwa ni ghali, na ni vigumu kuusawazisha. Kuupata kwa mawimbi dhaifu kunataka chipu chache na rezista za senti.

Faida ya tatu husikika hata na asiyejali hesabu. Amplifaya moja inapozidiwa na ngoma ya besi, vilele vya wimbi hukatwa, na kukatwa huko huzalisha milio mingi ya juu isiyokuwamo katika muziki. Milio hiyo hupita kwenye kapasita moja kwa moja hadi kwenye twita. Sauti inakwaruza, na twita huungua ingawa kosa lilianzia kwenye besi. Mafundi waliomo ukumbini wamebadilisha twita nyingi za namna hii. Twita ikiwa na amplifaya yake, wufa inaweza kuzidiwa na sauti ya mwimbaji ikabaki safi juu yake.

Tena spika amilifu inaweza kulazimishwa kushuka chini kuliko kasha lake lilivyojaliwa, kwa kuongezewa nguvu pale inapoanza kufifia. Hapa ndipo watu hudanganyika. Kasha lililozibwa hupoteza desibeli 12 kwa kila oktava chini ya mlio wake wa asili. Kulirudisha kwa oktava moja tu kunataka nguvu mara 16, na koni italazimika kwenda mbele na nyuma mara 4 zaidi kwa ukubwa ule ule wa sauti. Spika ndogo inayoshangaza kwa besi sauti ikiwa chini ina chipu inayoinyima besi hiyo taratibu kadiri volyumu inavyopandishwa. Huo ni uhandisi mzuri na wa haki, mradi mnunuzi aelewe kwamba sheria ya hewa haijavunjwa: besi ya kina na ya nguvu inataka koni kubwa inayosukuma hewa nyingi. Philips walikwenda mbali zaidi miaka ya 1970, wakaweka kipima mwendo kwenye koni ya wufa ili amplifaya ijue koni inafanya nini na kuisahihisha papo hapo. Jambo kama hilo linawezekana tu pale mtu yule yule anapobuni spika na amplifaya yake.

4. Ndani ya sabufa

Sabufa iliyo mezani hapa, kifuniko chake cha nyuma kikiwa kimefunguliwa, ni ya aina inayouzwa Kariakoo jijini Dar es Salaam na Barabara ya Luthuli jijini Nairobi, na ndiyo mfumo wa muziki wa nyumba nyingi za Afrika Mashariki. Kasha kubwa lina wufa, redio, mlango wa USB, Bluetooth na rimoti. Vikasha viwili vidogo huunganishwa kwa waya nyembamba. Ndani, upande wa kushoto, kuna transfoma. Kando yake ni daraja la dayodi, kisha kapasita mbili nene za kulainisha umeme. Pande la alumini lenye mapezi limefungiwa IC tatu za miguu mitano mitano, za ukoo wa TDA2030: mbili kwa vikasha vidogo na moja kwa wufa. Karibu na vitufe kuna chipu ndogo ya miguu minane, 4558, nayo ndiyo ya kuangaliwa kwa makini.

Chipu hiyo huchuja sauti na kuiachia besi pekee iende kwenye IC ya wufa. Inachuja kabla ya kukuza. Maana yake ni kwamba sabufa hii ya bei ya chini, kwa upande wa besi, tayari inafuata kanuni ile ile ya spika amilifu za studio. Kwa upande wa vikasha vidogo ni kinyume: kila kimoja kina koni moja inayopelekewa karibu sauti yote, pengine na kapasita moja ya kuikinga na besi. Ndiyo sababu sabufa nyingi zina besi ya kuridhisha kuliko inavyotarajiwa, na sauti ya kati iliyo kavu, mwimbaji akasikika kama yuko chumba cha pili. Kosa liko kwenye vikasha, na fundi anayeelewa hili anaweza kuiboresha sabufa kwa kubadilisha vikasha peke yake, akichagua vyenye ukinzani usiopungua ule ulioandikwa nyuma.

Sehemu ya mbele ya kasha hili imeandikwa wati 5,000 PMPO. Kibandiko cha nyuma, pale waya wa umeme unapoingilia, kinasema linatumia wati 60. Hakuna amplifaya inayotoa kwa mfululizo nguvu kubwa kuliko inayopokea, na amplifaya za daraja AB kama hizi hupoteza sehemu kubwa kwa joto. Kilichobaki kwa spika zote tatu kwa pamoja ni chini ya wati 40. PMPO haina kanuni ya upimaji inayokubaliwa, kwa hiyo nambari hiyo haimwambii mnunuzi chochote. Nambari ya nyuma ndiyo ya kusoma.

5. Joto, umeme na fundi

Hadi hapa mizani imeelemea upande wa spika amilifu. Sehemu hii inaileta upande wa pili, nayo inahusu zaidi nchi zetu kuliko Ufini au California.

Kifaa kinachokufa mapema zaidi katika amplifaya ni kapasita za kulainisha umeme, kwa sababu zina majimaji ndani yanayokauka. Kanuni ya mafundi ni kwamba umri wake hukatika nusu kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka. Kapasita iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105, ikikaa kwenye nyuzi 65, inatarajiwa kudumu kama saa 32,000, karibu miaka 11 kwa matumizi ya saa nane kwa siku. Ikikaa kwenye nyuzi 75 inabaki na nusu yake. Amplifaya ya kabatini ina matundu juu na chini, na hewa inapita. Amplifaya iliyofungwa nyuma ya wufa, ndani ya kasha, Tanga mwezi wa Februari, haina bahati hiyo, na juu ya joto ina mtikisiko wa kutwa kucha unaolegeza maungio ya risasi.

Spika tupu, kwa upande mwingine, haina cha kukauka isipokuwa kapasita chache za krosova. Adui yake ni ukingo wa koni. Ukingo wa povu huoza na kumeguka baada ya miaka, hasa kwenye unyevu wa pwani. Wa raba huvumilia zaidi, na aina zote mbili hubadilishwa kwa mikono bila kifaa ghali cha kupimia. Spika tupu ya miaka ya 1970 huunganishwa leo na amplifaya iliyotoka kiwandani mwaka huu, kwa waya mbili zile zile, bila kuulizwa nywila. Spika yenye Bluetooth na programu ya simu inazeeka kwa mwendo wa simu, ingawa koni na sumaku yake ni nzima.

Umeme nao una neno lake. Volti zinazopanda na kushuka, na zile za ghafla umeme unaporudi baada ya kukatika, huua vyombo. Mwenye amplifaya moja huilinda kwa kizuizi kimoja kwenye soketi moja. Mwenye jozi ya spika amilifu ana soketi mbili za kulinda, pengine kwenye kuta mbili, na akiziunganisha na chanzo kwa waya za RCA anaweza kukaribisha muungurumo wa Hz 50 unaozunguka kupitia waya wa ardhi. Tiba yake ni kuzichomeka zote kwenye kiendelezi kimoja, au kununua spika zenye mlango wa XLR, ambao waya zake mbili za sauti hufuta muungurumo unaoingia zote kwa pamoja.

Hata hivyo, kuna mahali ambapo amplifaya mpya za ndani ya kasha zimeleta nafuu kubwa. Amplifaya za daraja D hazikuzi wimbi kwa kulifuata mfululizo. Transista zake hufunguka na kufunga mara mamia ya maelfu kwa sekunde, na kichujio hulirudisha wimbi mwishoni. Zinaweza kufikisha zaidi ya asilimia 90 ya umeme kwenye spika, wakati daraja B, jamaa ya ile AB ya kwenye sabufa, hata kwa hesabu ya darasani haivuki asilimia 78.5. Kwa nyumba inayotegemea sola na betri ya volti 12, tofauti hiyo ni muziki wa saa nyingi zaidi usiku. Joto likipungua, hata ile hoja ya kapasita inapungua makali.

Lakini zinapokufa, zinakufa kwa namna nyingine. Amplifaya ya kabatini ya miaka ya 1980 ina transista zinazoonekana kwa macho, zenye namba zinazosomeka, na fundi mwenye mita na solda huitafuta iliyoungua akaibadilisha. Spika amilifu ya leo ina bodi moja yenye vijipande vidogo kuliko punje ya mtama, chipu ambazo nyingine hazina maandishi, na programu ndani isiyopatikana popote. Fundi hafanyi utengenezaji tena. Anasubiri bodi nzima kutoka kwa mtengenezaji, kama bado anaiuza. Na bodi hiyo ikikosekana, wufa nzima na twita nzima zinalala na amplifaya mfu.

6. Wati ngapi zinatosha

Jambo hili ni fupi. Spika yenye wepesi wa desibeli 86 hutoa desibeli 86 kwa wati 1, ikipimwa mita 1 mbele yake. Kwa mtu aliyeketi mita 3 sebuleni, jozi ya spika hizo humfikishia takriban desibeli 80 kwa wati 1 kila moja, ambayo tayari ni sauti ya kujaza chumba. Vilele vya ngoma vinaweza kupanda desibeli 20 juu ya hapo, na desibeli 20 ni nguvu mara 100. Hapo ndipo wati 100 zinapotumika, kwa vipande vya sekunde. Anayetoka amplifaya ya wati 40 kwenda ya wati 80 anaongeza desibeli 3 tu, tofauti ndogo kwa sikio. Fedha hiyo ingefaa zaidi kwenye spika bora.

7. Kumchagulia nani nini

Kwa anayeanza, mwenye chumba kidogo, anayesikiliza kwa simu au kompyuta, jozi ya spika amilifu ya kweli, ya njia mbili zenye amplifaya mbili kila kasha, ni ununuzi bora kuliko amplifaya na spika tupu za bei ile ile. Mbunifu ameshafanya kazi ya kulinganisha ambayo mnunuzi angeifanya kwa kubahatisha. Vivyo hivyo kwa mwanamuziki anayerekodi nyumbani, ambaye anahitaji kusikia kosa kabla halijasikika kwa wengine.

Kwa familia inayotaka chombo cha kurithisha, mwenye santuri na kanda, anayeishi mbali na wakala, amplifaya ya kujitegemea na spika tupu bado ndiyo njia. Sehemu moja ikifa, nyingine zinaendelea. Spika yenye amplifaya ndani lakini krosova nyuma yake ndiyo ya kufikiriwa mara mbili: inabeba ugumu wa matengenezo wa aina ya tatu bila kuleta faida zake za sauti. Inafaa pale tu ambapo nafasi au bei haviruhusu kitu kingine, na hilo ni jambo la kawaida wala halina aibu.

Ipo pia njia ya kati inayostahili kupewa nafasi zaidi siku zijazo: krosova ya kidijitali kwenye kasha lake, amplifaya ndogo za daraja D zinazoonekana na kubadilishwa moja moja, na spika zisizo na kitu ndani isipokuwa koni. Waendesha muziki wa harusi na mikutano wamefanya hivyo kwa miaka mingi, krosova ikiwa kwenye raki na amplifaya zikiwa chini yake. Vifaa vimeshuka bei kiasi cha kuingia sebuleni. Sauti hupata faida zote za kugawanywa mapema, na fundi anabaki na kitu cha kushika.

Ili njia hiyo ipanuke, kazi iliyopo ni ya pande kadhaa. Vyuo vya ufundi, vya VETA nchini Tanzania vikiwemo, vina nafasi ya kuingiza daraja D na uchakataji wa sauti kidijitali katika masomo ya elektroniki, kwa sababu vyombo vinavyoletwa mezani kwa fundi kijana havifanani tena na vile alivyojifunzia. Mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya yanaombwa kuwataka waagizaji waandike wati halisi kwa kila spika, pamoja na ukinzani, badala ya maelfu ya PMPO. Waagizaji nao wanaombwa walete michoro ya saketi na bodi za akiba pamoja na kontena la kwanza, kabla mzigo haujaisha. Na mnunuzi, kabla ya kutoa fedha, aulize kama twita ina amplifaya yake, asome kibandiko cha nyuma, kisha amuulize muuzaji ni nani atakayeitengeneza hapa hapa mjini. Asipopata jibu la swali hilo la mwisho, aende duka linalofuata.